Bunduki ya Bega la Kushoto

Muhanna aliinunua bunduki ile Matrah mwaka 1994, akiwa na miaka arobaini na minne, na siku aliyokwenda kuichukua alivaa kanzu mpya na kilemba cha sikukuu, kama mtu anayekwenda kuposa. Ilikuwa bunduki ya marisau, ya zile zinazojipakia zenyewe. Unatia risasi tatu. Ukifyatua ya kwanza, ganda linatemwa nje upande wa kulia, na ya pili inapanda mahala pake kabla hujavuta pumzi. Watu wa Ibra, alikokaa, waliziita shozen. Muhanna na mkewe Fakhriya, waliozaliwa Tabora na kuja Omani na wazee wao wakiwa vijana, waliiita shotigani, na katika nyumba yao haikupata jina jingine.

Mtu ambaye kazi yake ni kufungua pampu za maji na kuzifunga tena haachi mashine kama ilivyotoka dukani. Muhanna alikuwa fundi wa pampu serikalini, na wiki ya kwanza tu alitandika shuka kuukuu sebuleni, akaifungua bunduki kipande kipande mpaka ikabaki kama samaki aliyekwisha kuliwa. Kila usiku akiulizwa ataifunga lini, jibu lilikuwa lile lile: kesho. Ile shanga ya shaba ya kulengea, iliyokuwa kwenye ncha ya mtutu, aliiona ndogo. Akaiondoa, akaweka shanga nyeupe iliyodondoka kwenye mkufu wa binti yake Nada. Bunduki ilipokuwa ikimpiga bega sana, alikata soli ya kandambili akaibandika nyuma ya kitako. Risasi nyepesi zilikuwa hazina nguvu ya kuusukuma mtambo, ganda likikwama nusu ndani nusu nje. Akabadilisha springi mara tatu, akasafisha vitundu vya moshi kwa sindano ya kushonea magunia, mpaka ikakubali kutema.

"Baba, wewe unapenda hii bunduki kuliko sisi, wallahi," Nada alimwambia. Alikuwa na miaka kumi na minne, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota jikoni kwa mama.

"Nyinyi hamna skrubu," alisema Muhanna. "Mngekuwa nazo ningewafungua pia."

Kilichobaki kumsumbua ni kitako. Muhanna alikuwa mrefu, shingo ndefu, na ubao uliokuja na bunduki ulikatwa kwa mtu mfupi. Akiinua, shavu lilikuwa halipati pa kukaa. Ndipo mtu mmoja kazini akamtajia Ghanim wa Sur.

Ghanim alikuwa wa ukoo uliounda majahazi vizazi kwa vizazi. Sasa majahazi hayana mnunuzi, naye akichonga milango na madirisha, na kwa mtu aliyempenda, vitako vya bunduki. Shida ni kwamba hakupenda watu wengi. Utotoni alikuwa amekaa Unguja kwa ami yake miaka saba, na Kiswahili alichorudi nacho alikitunza kama sahani za arusi.

"Shikamoo, ami," Muhanna alimsalimu. "Nimekuja kwa habari ya shotigani."

"Marahaba. Shotigani ndiyo nini?" Ghanim hakuinua macho kwenye randa yake. "Sema bunduki ya marisau. Mmezaliwa bara, basi hata maneno mnayaokota njiani."

Lakini alimpima. Alimpima kwa uzi, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole cha kufyatulia, kutoka kwenye shavu mpaka kwenye bega, akafunga vifundo kwenye uzi ule badala ya kuandika. Kisha akatoa darini ubao wa mkunazi uliokuwa umelala ukikauka miaka minane. Kitako kilipokwisha, kilikuwa na rangi ya asali iliyokaa, na kilipinda kidogo tu kuelekea kulia, kiasi cha nusu ukucha, ili jicho la kulia la Muhanna liangukie juu ya mtutu lenyewe bila kutafuta. Muhanna aliinua bunduki mle karakanani na kuhisi shavu lake limefika nyumbani. Akacheka peke yake.

"Usicheke," alisema Ghanim. "Kipake mafuta."

*

Siku zao zilikuwa Alhamisi. Zamani hizo wikiendi ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, na baada ya alasiri Muhanna na Fakhriya walitia vitu kwenye pikapu, wakapita Mudhaibi, wakaacha lami na kuingia kwenye uwanda wa changarawe ambao ulikwenda mbele mpaka macho yakachoka. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na nguzo ya umeme hata moja. Fakhriya alitandika mkeka ubavuni mwa gari, akaweka birika la kahawa na tende, na kamba mkononi.

Kamba ile ilifungwa kwenye mtambo ambao Muhanna aliuchomelea mwenyewe kutokana na springi ya gari na vyuma vya pampu iliyokufa. Ukivuta kamba, mkono wa chuma unazunguka kwa kishindo na kurusha kisahani cha udongo hewani, na mpigaji ana nafasi ya kuhesabu mpaka mbili. Muhanna akisema "Toa!", Fakhriya anavuta. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliifanya miaka mitano.

Visahani vilitoka Bahla. Vya dukani vilikuwa vya kuagizwa mbali, na Muhanna alikuwa na kichwa cha kusema kila kitu kinaweza kutengenezwa karibu. Alikwenda kwa mfinyanzi mmoja aitwaye Khelef, akamchorea umbo mchangani, akaagiza mia mbili. Vilipofika uwandani havikuvunjika. Marisau yalivigonga yakateleza, visahani vikatua chini vizima, na Fakhriya akaviokota akisema vitafaa kwa vikombe. Muhanna alirudi Bahla na kimoja mkononi.

"Ni vigumu mno," alimweleza Khelef kwa Kiarabu. "Nataka vivunjike."

Khelef alikipokea, akakigeuza. "Miaka thelathini," alisema, "nahangaika kufinyanga kitu kisivunjike. Baba yangu alihangaika na babu yangu alihangaika. Leo umekuja wewe, unataka kinachovunjika!" Akaita jirani zake waje wamsikie mtu huyu. Walicheka, wakamtilia kahawa, kisha Khelef akachoma visahani nusu moto, vikatoka vyekundu na vyepesi, na hivyo vilipopigwa viligeuka vumbi kama unga uliopulizwa. Katika kila mia, ishirini vilivunjika njiani kabla ya kufika Ibra. Fakhriya alijifunza kuvipanga kwenye makapu ya tende, mpaka wakawa wanapoteza vitano tu.

Alhamisi nyingine alikuja Turki, mwalimu wa michezo wa Mudhaibi, mtu mnene mwenye sauti kubwa aliyemiliki bunduki mbili na kuamini kwamba kila kilichotokea kwake kilikuwa cha ajabu. Turki alikipenda kile kitako cha mkunazi kuliko alivyopenda kulenga. Kila akija alikishika, akakipapasa, akasema, "Siku ukichoka, Muhanna, usimuuzie mtu mwingine."

"Sichoki," Muhanna alijibu.

Jambo la Fakhriya kutaka kupiga lilitokea mwaka wa pili. Siku hiyo walikuwa wawili tu. Alinyanyuka mkekani, akakung'uta nguo, akasema, "Nipe na mimi nijaribu. Baba alinipigisha kanga porini Tabora, nikiwa na miaka kumi na mbili."

Muhanna alimpa huku akitabasamu. Fakhriya aliipeleka bunduki bega la kushoto bila kufikiri, maana alikuwa na mashoto tangu kuzaliwa. Kitako kilichopindishwa kwa shavu la kulia la mume kilimgonga mfupa wa uso. Ganda la moto lilipita mbele ya pua yake. Kisahani kilianguka mbali, kizima. Alijaribu mara ya pili, akarudisha bunduki, akalisugua shavu.

"Bunduki yako ina ubaguzi," alisema. "Ghanim hawezi kukichonga kitako kikae katikati, nikatumia na mimi?"

"Bunduki si kanga, mama Nada, watu wakavaliana."

Alisema kwa mzaha. Fakhriya naye alicheka, akarudi mkekani, akaishika kamba. Neno hilo halikusemwa tena, na Muhanna alilisahau kabla hawajafika nyumbani.

*

Mwaka 1999, mwezi wa pili, Muhanna aliamka asubuhi akaona kama mtu ametupa masizi ndani ya jicho lake la kulia. Alipepesa, akanawa, masizi hayakutoka. Alikuwa na kisukari miaka kumi na alikifuata kwa dawa na kwa kusahau dawa. Madaktari Maskati walimpasua mara mbili. Walimweleza kwa upole, wakamchorea hata picha, lakini jicho halikurudi. Lilibaki na mwanga kidogo pembeni, kama mlango ulioachwa wazi kidogo.

Kazini walimhamishia ofisini. Kutwa alizunguka na kalamu, akigonga pembe za meza kwa nyonga ya kulia. Alijifunza kumimina chai kwa kugusisha birika na ukingo wa kikombe. Hayo aliyavumilia. Alhamisi ndizo zilizomshinda. Saa ya alasiri ikifika alikaa sebuleni akitazama televisheni isiyowashwa, na Fakhriya alipomwambia twende basi tukae tu, tunywe kahawa, alijibu kwamba kahawa hata hapa ipo.

Mwezi wa tano alimpigia simu Turki. "Njoo uichukue," alisema. "Bei utataja mwenyewe. Njoo Jumatatu, twende tukabadilishe leseni."

Turki alikuja, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. Alikaa mkekani, akanywa kahawa kikombe cha tatu, akatikisa kikombe kuonesha inatosha. Muhanna alichukua ufunguo, akafungua kabati la chuma, akaivuta bunduki katika mfuko wake. Ilikuja nyepesi mno. Akaufungua mfuko. Mtutu ulikuwepo, mtambo ulikuwepo, na nyuma ya mtambo palikuwa na chuma kitupu kimetokeza kama mfupa.

"Kitako kiko wapi?" alisema.

Nada, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliyejifunza kuendesha gari mwaka ule, alitazama zulia.

"Nada!"

"Ile kitako Mama kachukua," alisema Nada. "Tumepeleka Sur. Juzi, wewe ulikuwa kazini."

Fakhriya alitoka jikoni akijifuta mikono. Alimsalimia Turki, akamuuliza hali ya mkewe, kisha akamgeukia mumewe. "Kimekwenda Sur," alisema. "Bunduki isiyo na kitako haiuziki. Turki, ndugu yangu, samahani, umepoteza petroli yako."

Turki alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha mtu huyo wa sauti kubwa alifanya jambo ambalo Muhanna hakumsahaulia wema wake: alisimama, akasema kwamba alikuwa hata hivyo anapita njia hiyo, akaaga.

Walipobaki wenyewe Muhanna alikasirika kama alivyokuwa hajakasirika miaka mingi. Alisema ameingiliwa. Alisema kabati lile ni amana ya serikali na ufunguo hautolewi. Alisema yeye ni mtu wa jicho moja, na jicho lenyewe la upande usiofaa, na hataki kuonewa huruma na mtu wala ubao.

Fakhriya alingoja mpaka pumzi zikamwishia. "Ghanim anasema hawezi kushona kanzu ya mtu asiyekuwepo," alisema. "Alhamisi tunakwenda."

*

Fakhriya ndiye aliyeendesha. Njia nzima mpaka Sur Muhanna hakusema ila "punguza" na "kuna ngamia". Ghanim alikuwa amezeeka, amekonda, na ukali wake ulikuwa umebaki ule ule. Hakumpa pole ya jicho. Alimkalisha kwenye kigogo, akamfumba macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao.

"Inua bunduki, bega la kushoto. Macho yamefumbwa. Sasa fumbua. Unaona nini?"

"Naona ukuta."

"Mtutu je?"

"Siuoni."

"Basi upo mahala pasipo pake." Akatoa uzi.

Kitako kile cha zamani alikuwa ameshakipasua. Muhanna alikiona kipo kwenye taka, nusu mbili za rangi ya asali. Ghanim alikuwa ameanza kingine kwa mkunazi ule ule, ubao pacha, kikipinda upande wa pili. Pia alikuwa amemwita fundi wa bunduki, mtu mwenye leseni zake, naye siku ile ile akakigeuza kitufe cha usalama kisukumwe kwa kidole cha mkono wa kushoto. Na pale pembeni mwa tundu linalotema maganda, alipachika ulimi mdogo wa shaba, ili ganda lisipite usoni bali lielekee mbele.

"Huu ulimi nani kaufikiria?" Muhanna aliuliza.

Ghanim alimnyooshea Fakhriya kidevu. "Kanichorea kwa chaki kwenye mlango wa watu. Nimelazimika kuupiga randa tena."

Wakati wa kuondoka, Ghanim aliupima pia mkono wa Fakhriya kwa uzi. Muhanna aliona, akadhani mzee anapima kitu kingine. Hakuuliza.

*

Majira ya baridi yale, kati ya mwaka 1999 na 2000, Muhanna alikosa visahani mia tatu na zaidi. Alijua kwa sababu Khelef wa Bahla alianza kuuliza kama wanavila.

Alikuwa amepiga bunduki tangu ujana, na sasa hakujua aweke wapi mguu. Mkono wa kushoto ulikuwa kama wa mgeni aliyekuja kukaa: haujui vyombo viko wapi. Kila kisahani kilipopaa, kichwa chake kililala upande wa kulia chenyewe, kikitafuta shavu la zamani. Fakhriya alimwachia Nada kamba, akasimama nyuma yake.

"Mguu wa kulia mbele. Usiitazame bunduki, kitazame kisahani."

"Nakitazama."

"Unaitazama bunduki, Baba Nada. Unaihurumia."

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, upepo ukiwa mkali na mchanga unauma macho, alikosa visahani ishirini na mbili mfululizo. Cha ishirini na tatu hakukifyatulia. Alitoa risasi zote, akailaza bunduki mkekani, akasema kwa sauti iliyomfanya Nada aachie kamba:

"Mimi si mtu wa mashoto! Mungu hakuniumba hivyo! Mtu hajifunzi mkono mwingine akiwa mzee!"

Fakhriya aliikunja shela yake isipeperuke. "Mimi Mungu aliniumba na mashoto," alisema, "na nimeandika kwa mkono wa kulia, nimekata vitunguu kwa mkono wa kulia, kwa sababu nikiwa na miaka minne bibi alinifunga huu mwingine kwa kanga, kutwa, mwezi mzima. Nililia mpaka homa ikanipata. Kisha nikajifunza. Hakuna aliyeniuliza kama inawezekana."

Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili, na Muhanna alikuwa hajapata kulisikia jambo hilo. Alijua kwamba mkewe ana mashoto kama unavyojua kwamba mtu ana kovu. Hujiulizi lilimuuma kiasi gani. Alikaa chini kwenye changarawe. Baada ya muda aliichukua tena bunduki, akapakia.

"Toa," alisema.

Hakukivunja. Lakini kipande kilimeguka ukingoni, kidogo kama ukucha, kikaruka peke yake upande wa kushoto, na wote watatu wakakiona. Nada alipiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.

"Sasa mimi," alisema Fakhriya.

Aliipokea bunduki, akausogeza mpira wa nyuma ya kitako, akaiinua, na Muhanna akaona mara moja. Shavu lilikaa. Kiwiko kilikaa. Ubao ule ulikuwa umepunguzwa hapa na kujazwa pale kwa namna ambayo ilimtosha yeye mrefu na ilimtosha pia mwanamke yule wa kimo cha bega lake, ukisogeza tu kipande cha mpira cha nyuma kilichofungwa kwa skrubu mbili. Ndipo akakumbuka uzi wa Ghanim.

Fakhriya alisema "Bismillahi, toa!" Kisahani cha kwanza kilikuwa vumbi jekundu. Cha pili kilikuwa vumbi. Cha tatu upepo ulikichukua juu, ukakigeuza, na Muhanna aliyekuwa anajua visahani alisema moyoni kwamba hicho hakipigiki, nacho kikawa vumbi. Alipiga vitano, hakukosa, maganda yakigonga ule ulimi wa shaba na kuruka mbele. Alipomaliza aliibusu bunduki kwa mzaha, lakini macho yake yalikuwa yameloa, na haukuwa mchanga.

Muhanna alisimama pale. Alihesabu. Miaka mitano, Alhamisi kwa Alhamisi, mkono ule na jicho lile vilikuwa vimekaa mkekani vikivuta kamba, kwa sababu ya nusu ukucha ya ubao. Na yeye alikuwa amesema nini? Alisema watu hawavaliani. Maneno yalimrudia mazima, na sauti yake mwenyewe, na kicheko chake.

"Mama Nada," alisema, "nilikudhulumu."

"Ulinidhulumu," alisema Fakhriya. Hakumpunguzia. "Haya, kaa hapo uvute kamba. Nada mikono imemwota malengelenge."

Alikaa, akavuta.

*

Miaka iliyofuata ndiyo Muhanna aliyoisimulia zaidi baadaye, ingawa hapakuwa na mengi ya kusimulia. Alifika visahani sita katika kumi, siku njema saba. Fakhriya hakushuka chini ya tisa. Turki alianza kuja na mkewe Kuruthum, ambaye mwanzoni aliziba masikio, kisha akaondoa kidole kimoja, kisha akaomba zamu. Wanawake wawili wale walishindana, na waume zao walibishana juu ya nani kavuta kamba vizuri. Walikula wali na papa mkavu kwenye sinia moja huku jua likishuka, wakasali maghribi juu ya changarawe, wakaokota maganda yote kabla ya kuondoka, maana Fakhriya hakupenda kuacha uchafu mahala palipomfurahisha.

Ghanim alikufa mwaka 2003. Walikwenda Sur kutoa mkono wa pole, na mwanawe aliwaonesha uzi ukining'inia kwenye msumari, wenye vifundo vya watu wengi. Hakuna aliyejua tena ni kifundo cha nani.

Jicho la kushoto lilianza kufifia mwaka 2005, polepole, bila masizi. Kwanza Muhanna alikosa visahani vya mbali. Kisha akawa anapiga vile ambavyo jua lilivimulika tu. Mwaka 2006 alifyatua mara ya mwisho, akakosa, akasema basi, na safari hii hakukuwa na hasira. Akabaki kwenye kamba. Mwaka huo huo uwanda uliwekwa vigingi vyeupe. Viwanja vya nyumba viligawiwa, na Alhamisi moja walikuta mtu anapakua matofali pale walipozoea kutandika mkeka. Walimsaidia kupakua. Alikuwa kijana anataka kuoa.

Bunduki iliandikishwa kwa Mutasim, mume wa Nada, aliyekuwa na shamba nje ya Nizwa. Mwaka 2008, katika baridi, waliwaalika wazee. Bega la Fakhriya lilikuwa limeingia baridi yabisi na aliambiwa asilitikise, kwa hiyo walikaa wawili garini, vioo vimeshushwa, wakila machungwa, na vijana wakipiga mbele ya mitende.

"Kakosa," alisema Muhanna.

"Nani?"

"Mkweo. Kafyatua kabla hakijapaa. Sikiliza: kishindo cha mtambo, halafu bunduki hapo hapo. Hangoji."

"Mwache. Na wewe ulikosa mia tatu."

"Mia tatu na arobaini," alisema Muhanna, kwa fahari.

Waliondoka mapema, kwa kuwa Fakhriya hakupenda tena kuendesha gizani. Alijifunga mkanda, akamfunga na yeye wake. Walipotoka Nizwa Muhanna aliegemeza kichwa.

"Nambie njia," alisema.

"Tunapita Birkat al Mawz. Kuna stesheni mpya ya petroli, ina taa za kijani."

Muhanna akaitikia kwa kichwa, akaiona mitende ya mwaka wa kwanza wa ndoa yao na ukuta wa udongo.

"Sasa tumeshaiacha Izki. Kuna malori mengi."

"Eeh."

"Sinaw hii. Wanajenga, wanajenga, hata sioni soko."

"Mimi naliona," alisema Muhanna. "Endelea."

Naye akaendelea kumtajia, kitu kwa kitu, mpaka Mudhaibi, mpaka Ibra, mpaka lango la nyumba yao.